Mchanga Tumboni mwa Pono

Kisu kilipasua tumbo la samaki, na mchanga mweupe ukamwagika kiganjani mwa Nanyama.

Ulikuwa ule ule. Wiki mbili nyuma aliukung'uta kutoka kwenye viatu vya mumewe, aliyekuwa ametoka Mombasa na treni anayofanyia kazi, akamuuliza huko pwani alivua viatu mlangoni kwa nani.

"Hayo ni mavi ya samaki," mume alijibu. "Anaitwa pono, ana mdomo kama wa kasuku. Anakwangua majani yanayoota kwenye matumbawe, yale mawe hai ya baharini. Bila yeye mawe yangesongwa yakafa. Na jiwe analomeza linatoka likiwa mchanga."

Nanyama alicheka kicheko kibaya, landi zote, kota za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, zikasikia.

Leo mume amemletea pono mzima, kwenye gunia la barafu, wa buluu na kijani, meno yameshikana kama mdomo wa kasuku kweli. Ameketi mlangoni na chai yake, ametulia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Sasa umeamini?"

"Nimeamini."

Nanyama alisugua chembe zile katikati ya vidole. Miaka tisa ya ndoa, na mwanaume huyu hajawahi kukanyaga jikoni. Kwao ni mwiko. Hata ngege, samaki wa ziwani, yeye humwona ameshapikwa, yuko kwenye sahani.

Akaweka kisu chini.

"Baba Wekesa, huyu nimempasua mimi. Yule wa kwanza uliyemwona na mchanga tumboni, ulikaa jikoni kwa nani ukimtazama akimpasua?"