Maji ya Mwanahawa

Maji yaliyojaa tumboni mwa Mwanahawa yalikuwa yakichuruzika kwenye chupa, naye hakutulia kitandani. Saratani ya ovari ilikuwa imeshaenea.

"Ndani ya maji haya mna askari wa mwili wako, chembe za kupigana na maradhi," daktari alimwambia. "Ni wengi, ila saratani imewapumbaza. Tunaomba tukawachunguze maabarani, tuone watazindukaje."

"Wakizinduka, mtanirudishia?"

"Hapana, mama. Labda watamfaa mwingine, baadaye."

Mwanahawa akageukia ukutani, akageuka tena.

"Kataa," alisema dada yake, Sikudhani, aliyeketi kando ya kitanda. "Umeshateseka vya kutosha."

Chupa ilipojaa, Mwanahawa aliiomba. Ilikuwa na joto. Akavua kanga mabegani, akaifunika chupa gubigubi, akamnyooshea daktari.

"Wasipate baridi njiani," alisema, mikono yake ikiwa bado imeishikilia.