Chipu za Mzee Orrin

Verna Sorenson alimtumia mzee Orrin chipu mia tano za kamari kabla mzee hajamaliza kuandika neno la kuaga.

Jibu lilichelewa, maana Orrin huchapa kwa kidole kimoja. Kisha maneno yakajitokeza polepole chini ya gurudumu la ruleti.

"Wee binti, utaniua kwa wema. Nilishafilisika, nilikuwa najiondokea zangu."

"Uende wapi Jumapili hii? Weka nyekundu."

Akaweka nyekundu. Mpira ukazunguka kwenye skrini, ukatua kwenye nyeusi. Mchezaji wa tatu mezani, mtu wa Texas aliyejiita Kauboi na ambaye hawakuwahi kuuona uso wake, akaanza uchokozi: "Huyo mzee gurudumu limeshamzoea. Likimwona tu linacheka."

"Cheka na wewe," Orrin akamjibu. "Mimi nilianza kushindwa kabla hujazaliwa."

Verna alicheka kwa sauti peke yake pale jikoni. Alimpenda Orrin, na hilo hakuwa akijisingizia.

Walifahamiana kwenye viti vya kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila safari. Figo zao wote wawili zilikuwa zimekufa. Muuguzi aliwatania kuwa ni mtu na dada yake, maana hata kundi la damu ni moja. Verna alikuwa na mwaka mmoja na nusu akingoja figo ya kupandikizwa. Orrin alikuwa na minne.

"Mwaka wa kwanza nililala na simu kitandani," Orrin aliwahi kumwambia. "Siku hizi ikilia najua ni dada yangu tu."

Verna hakuweza kuzoea namna hiyo. Alikuwa na mapacha wa miaka sita, na mwezi wa tano daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba moyo wake hautahimili majira mengine ya baridi ya Minnesota kwenye ile mashine. Alilia ndani ya gari mpaka machozi yakaisha. Mumewe, Dale, akaleta laini ya pili ya simu. Kompyuta ikapata laini yake, na simu ya ukutani ikabaki ya hospitali peke yake, mtu asiiguse.

Wiki hiyohiyo Verna alimzawadia Orrin kompyuta ya zamani ya Dale pamoja na modemu yake, ile ya kuunganisha mtandao kwa waya wa simu ya nyumbani. Watu walimsifu sana. Orrin alikuwa mgane, anaishi peke yake mashambani, na majirani zake wa karibu ni ng'ombe. Verna alimfundisha kuingia kwenye ile kasino ya mtandaoni, kuweka chipu, na kupiga porojo na watu wa majimbo ya mbali. Mwanzoni mzee alikuwa akitupwa nje ya mchezo kila dada yake alipompigia. Verna akamwandikia kwenye karatasi vitufe vitatu vya kubonyeza kabla ya namba ya kasino, akaibandika juu ya skrini. Tangu hapo, akiwa mchezoni, hakuna simu iliyoweza kuingia na kumkatiza.

"Wewe ni malaika," muuguzi alimwambia. "Yule mzee amefufuka kabisa." Verna aliona haya, akageuzia mazungumzo kwenye hali ya hewa.

Saa nane na nusu mchana Dale aliingia kutoka uani, ananuka moshi wa mahindi ya kuchoma.

"Umesikia redioni? Yule kijana wa pikipiki, wa ajali ya juzi, amefia hospitalini."

"Nimesikia tangu asubuhi. Maskini. Nipe barafu." Maji alipimiwa na daktari, kwa hiyo kiu aliituliza kwa kunyonya barafu.

"Na tangu asubuhi umekaa hapo. Mwache mzee wa watu apumzike."

"Akipumzika atafanya nini, Dale? Ataanza kumlilia mkewe."

Dale akamkanda mabega. Aliamini ameoa mwanamke mwenye roho nzuri kuliko yake.

Kwenye skrini Orrin alikuwa akiandika tena. "Binti, sasa naaga kweli. Saa tisa dada yangu hupiga simu, na akinikosa atanung'unika mpaka Krismasi."

Verna alijibu haraka. "Dada yako hakimbii. Weka kumi na saba, nimeiota." Akamtumia chipu zake zote zilizobaki, elfu mbili.

"Zote hizi?"

"Zote. Ukiondoka nitajua hunipendi."

"Mpe na nyumba kabisa!" Kauboi akadakia.

Mzee akaweka zote. Gurudumu halijasimama, simu ya ukutani ikalia. Verna aliinyakua kabla ya mlio wa pili, na Dale akabaki na bakuli la barafu mkononi.

"Bi Sorenson? Ni hospitali, kitengo cha upandikizaji. Tuna figo inayokufaa, lakini lazima ufike ndani ya saa mbili. Nikwambie ukweli, haikuwa yako. Mzee aliyekutangulia yuko mbali huko mashambani, na tunampigia tangu saa tano asubuhi. Simu yake inatumika tu. Hatuwezi kumngoja tena."

"Nakuja," Verna alisema.

Dale alikuwa tayari analia, anapekua mifuko akitafuta funguo za gari. Verna alirudi kwenye kompyuta bila kuketi. Mpira ulikuwa umetua kwenye kumi na saba, na herufi za Orrin zilikuwa zikija mojamoja: "Tumeshinda, binti! Tumeshinda!"

"Hongera, mzee wangu," akaandika. "Usiinuke hapo. Weka zote tena."