Soda za Mashine Mpya

Tangu asubuhi bosi wa karakana ya masofa, Chang'ombe, alikuwa akiwahubiria mafundi wake sita: serikali imepunguza kodi ya mashine, sasa ajira zitamwagika.

"Zimwagike wapi?" fundi Tekla akafoka, mkasi wa vitambaa umemkaa kwenye sugu ya kidole gumba. "Kila bajeti wimbo ndio huu huu!"

"Dada'angu, huu ni uchumi. Utaona mwenyewe."

Lori likafika. Mafundi wakaishusha mashine mpya ya kukatia vitambaa kwa mabega yao. Ilipowashwa kwa majaribio, ikakata vitambaa vya seti nzima kabla Tekla hajamaliza kufuta jasho.

Hapo karakanani kitu kipya hakianzi kazi rasmi kabla mafundi hawajanywa soda. Bosi akapaza sauti kuelekea duka la jirani: "Niletee soda mbili za mafundi!"

Kisha, haraka: "Yaani, sita."

Tekla akauweka mkasi chini.