Kware na Mikweche ya Fisi

Enzi wanyama walipomiliki magari, Fisi alirundika mikweche kiwanjani kwake, na nyoka Swila akafanya maskani humo. Kware, jirani wa Fisi, alipoliwa vifaranga wawili na nyoka huyo, alilia mbele ya baraza hadi kijiji kikatunga sheria ndogo: mikweche yote iondolewe.

Fisi akakata rufaa. Hakimu Kobe akatamka, “Sheria ndogo haiipiti sheria ya nchi. Kilichomo kiwanjani mwa mwenyewe, kisichoonekana kutoka barabarani, hakiguswi.”

“Mbona mimi naiona, mheshimiwa!” Kware akalalamika.

“Wewe si barabara, mama.”

Fisi akacheka, akaizungushia mikweche yake ua wa michongoma. “Haya jirani, sasa haitakukera macho.”

Jioni ile Kware alimfunika kifaranga wake aliyebaki. Awali alikuwa akimwona Swila akija. Sasa alisikia tu mchakacho uani.