Pole kwa Mtendaji

Tangu sheria iwavalishe watumishi wa umma kinasa sauti kifuani, hakuna jirani aliyekanyaga kwa Nyamizi, mtendaji wa kata. Kila neno lililosemwa mbele yake lilisikika papo hapo kwenye ukurasa wake wa wananchi mtandaoni.

Alasiri hiyo alimpigia mdogo wake, Kabula, aliyekuwa akimuuguza mama yao kituo cha afya.

"Mama anaendeleaje?"

"Yupo, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa ni nani? Mimi dada yako!"

"Dada yangu na kata nzima." Sauti ya Kabula ilikuwa imekauka. "Njoo nyumbani, si kituoni."

"Anakula lakini?"

"Njoo tu, dada. Habari za mama siwezi kuzisemea mkutanoni."

Simu ikakatika. Nyamizi akafungua ukurasa wake. "Pole, Mtendaji," mtu alikuwa ameandika. Chini yake pole nyingine, kisha mamia. Daftari la wagonjwa na vifo la kituo nalo lilikuwa wazi kwa wote, na wao walishalisoma.

Akakiinamia kinasa. "Pole ya nini, jamani?"

Watu elfu mbili walikuwa wakimsikiliza. Hakuna aliyemjibu.