Nywele za Mwanasesere

Mama mkwe aliniletea mwanasesere wa mfupa, kichwa kitupu. Mtaani kwetu, mwanamke anayetafuta mtoto hugandishiwa nywele zake kwenye kichwa hicho, na kazi hiyo ni yangu.

Nikafurahi. Nikafungua ushungi nikate zangu.

"Acha zako," akasema, akinipa nyingine zilizofungwa kitambaani. "Weka hizi za mke mwenzio ajaye. Mwanangu Pisenti hawezi kukungoja wewe mpaka azeeke."

Zilikuwa nyeusi kama zangu, ila zilinukia asumini.

"Haya, mama."

Alipotoka kufukuza mbuzi, nilizitupa motoni chini ya chungu cha gundi, nikakata zangu upesi, nikaanza kuzigandisha.

Akarudi, akaziba pua. "Nini kinanuka hivi?"

"Gundi, mama. Si unaijua gundi ya ngozi."