Mkanda wa Bunduki

Askari wa wanyamapori alitupa mikanda miwili mezani. Wa ngozi ulilia kila alipopiga hatua, wa nailoni uliteleza begani. Majangili nao wana masikio ya sungura.

"Sasa unataka upi?" mkewe aliuliza.

"Mpana, laini, usiopiga kelele."

Mkewe akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa mbeleko ambayo hakuwa ameigusa tangu wamzike mtoto wao. Akaikunja mara tatu, akaishona kwa uzi wa viatu.

"Jamani, si hiyo."

"Hii haijawahi kumwangusha mtu."

Askari alipoitundika bunduki mgongoni, mkono wa mkewe ulikwenda wenyewe hadi chini ya kitako cha bunduki, ukaanza kukipigapiga polepole.